Maduka Yaliyokuja na Kuondoka Mlimani City

Hapa Dar es Salaam mtu akikuambia mkutane Mlimani City, si lazima awe anakwenda kununua kitu. Pengine anafuata benki, pengine anawapeleka watoto wakale aiskrimu, pengine ana mkutano wa chama, au ni kijana ametafuta mahali penye ubaridi pa kuzungumza na mchumba bila jasho kumchafulia shati. Jina hilo limeingia katika maelekezo yetu ya njia kama yalivyoingia Mnazi Mmoja na Magomeni Mapipa. Lakini maduka yenyewe yaliyolijenga jina hilo, yale makubwa yaliyoandikwa kwa herufi za taa juu ya milango, mengi hayapo tena. Wiki hii nataka tuyafuatilie: nani aliingia, nani akatoka, na aliacha nini nyuma yake.

Tuanze na ardhi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima nje ya mji, na watu wakakiita Mlimani mpaka leo. Katika kilima hicho ndipo alipofundisha Walter Rodney, na mwaka 1972, akiwa bado hapo, kikatoka kitabu chake mashuhuri kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika. Vijana wa wakati ule walijadili ubepari usiku kucha, na wengi wao walikuwa na hakika kwamba siku zake zinahesabika. Baada ya miaka thelathini na kitu, ardhi ya chuo hichohicho, pale chini kando ya Barabara ya Sam Nujoma, katikati ya Mwenge na Ubungo, ikakodishwa kwa mwekezaji ajenge jumba la maduka. Mwekezaji huyo ni kampuni ya Turnstar Holdings ya Botswana, ambayo hapa nchini imefanya kazi kwa jina la Mlimani Holdings. Jumba likafunguliwa mwaka 2006. Wapo wasomi wazee ambao hadi leo ukiwatajia jambo hili wanacheka kidogo, kisha wanabadilisha mazungumzo.

Ili msikilizaji kijana aelewe kwa nini watu walifurika pale siku za mwanzo, inafaa tukumbushane biashara ya rejareja ilivyokuwa nchini. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, Serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya kuagiza na kuuza bidhaa, yakiwemo Smith Mackenzie na Dalgety, na kuunda Shirika la Biashara la Taifa, yaani STC. Miaka michache baadaye STC likagawanywa, kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, zile RTC ambazo wazazi wetu hawazitaji bila kutikisa kichwa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia maduka ya watu binafsi yafungwe ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Maduka ya zamani yalifungwa upesi kuliko mapya yalivyoweza kufunguliwa. Bidhaa zikaadimika na Serikali yenyewe ikalazimika kulegeza kamba. Ikafuata vita vya Uganda, fedha za kigeni zikapungua, sabuni na sukari vikawa vitu vya kuulizana kwa kunong'ona. Mimi nilizaliwa foleni hizo zikielekea mwisho, kwa hiyo habari za kuweka jiwe kwenye mstari ili lishike nafasi yako nimezipata kwa mama. Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyoanza kufungua mlango, kwa kuwaruhusu watu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana walizipataje. Kisha Mzee Mwinyi akaingia madarakani mwaka 1985, na mengine mnayajua.

Basi mtu aliyekulia katika hali hiyo, halafu mwaka 2006 akasukuma toroli kati ya shelfu zilizojaa mpaka juu, aina kumi za sabuni zimepangwa mbele yake, huwezi kumwambia kwamba lile ni duka tu.

Wazo la kukusanya maduka mengi chini ya paa moja nje ya mji halikuzaliwa huku. Mtu anayehusishwa nalo zaidi ni Victor Gruen, mchoraji wa majengo Myahudi aliyeikimbia Vienna mwaka 1938 baada ya Wanazi kuitwaa Austria. Mwaka 1956, katika kitongoji cha Edina kando ya Minneapolis, Marekani, lilifunguliwa jumba lake la Southdale: maduka yanatazamana ndani, katikati kuna uwanja wenye bustani, na hewa ni ileile majira yote katika jimbo ambalo baridi yake huua mtu. Gruen alikusudia kuwapa watu wa vitongoji kitu kama katikati ya mji wa Vienna, na kulizunguka jumba alitaka nyumba, shule na huduma za afya. Wafanyabiashara wakachukua jumba na maegesho, mengine wakamwachia mwenyewe na michoro yake. Alipozeeka aliyakana hadharani majumba yaliyoigwa kutokana na kazi yake.

Jumba la Gruen lina jambo jingine linalotuhusu. Lilijengwa na wenye duka kubwa la Dayton's. Mwaka 2001 jina la Dayton's likaondolewa mlangoni, likawekwa Marshall Field's. Mwaka 2006, mwaka uleule Mlimani City inafunguliwa, Marshall Field's nayo ikaondolewa, ikawa Macy's. Kwa hiyo haya tutakayoyasimulia ya kwetu hayakutokana na uswahili wetu, kama wanavyopenda kusema baadhi ya ndugu zetu kila jambo linapoharibika.

Majumba haya yana kanuni moja ya biashara ambayo mteja haioni. Mwenye jumba hutafuta kwanza duka moja au mawili makubwa yenye jina, ambayo watu watayafuata popote yalipo. Hao hupewa nafasi pana na mara nyingi pango nafuu kwa kila mita ya eneo. Wenye fremu ndogo, muuza viatu, muuza simu, muuza miwani, hulipa zaidi kwa kila mita, kwa sababu wananunua ule mkondo wa watu wanaopita mbele ya milango yao kwenda kwenye duka kubwa. Duka kubwa likifunga, mwenye fremu ndogo huendelea kudaiwa pango lilelile wakati wapitaji wamepungua. Kariakoo mambo ni mengine: pale umati upo tayari, ndiyo maana mtu hutoa kilemba cha mamilioni ili apate fremu isiyotosha hata kunyoosha miguu.

Mlimani City walipatikana wawili, wote wa kutoka Afrika Kusini. Shoprite alichukua upande wa vyakula. Game akachukua vyombo, majiko, televisheni, mahema na kila kitu kinachoweza kuingia ndani ya nyumba. Kuja kwao kulikuwa sehemu ya wimbi. Afrika Kusini ya ubaguzi ilikuwa adui yetu. Wapigania uhuru wake tuliwapa ardhi Mazimbu, Morogoro, wakajenga chuo. Baada ya ubaguzi kukaribia ukingoni na kisha kufutwa, fedha zikaanza kuja kwa njia nyingine: bia mwaka 1993, Benki ya NBC mwaka 2000, Vodacom mwaka huohuo, na mwaka 2002 Shirika la Ndege la Afrika Kusini likachukua asilimia 49 ya shirika letu la ndege, ndoa ambayo haikudumu. Baadhi ya wananchi waliona tunavuna tulichopanda, wengine wakauliza mbona mavuno yanakwenda upande mmoja.

Swali hilo lilisikika sana pale kwenye shelfu. Bidhaa nyingi za Shoprite zilisafiri kutoka Afrika Kusini. Mkulima wa Lushoto analeta mboga mpaka Kariakoo kwa lori, halafu mwenye supamaketi anasema anahitaji mzigo wa ukubwa mmoja, uliofungwa namna moja, kila wiki bila kukosa, na ankara yenye namba ya mlipa kodi. Mahitaji hayo si ya uonevu. Duka kubwa haliwezi kuendeshwa kwa ahadi ya kesho kutwa. Lakini wakulima wangapi walikuwa na chumba cha baridi? Walioweza kupenya ni wenye viwanda: unga na juisi za Azam, maziwa ya Tanga Fresh, kahawa ya Africafe, majani ya chai. Hata hivyo kila aliyepenya alijiona amefika, maana bidhaa yake imesimama bega kwa bega na za nje.

Wateja nao walikuwa na mipango yao. Ukikaa pale Jumamosi jioni utaona umati, lakini hesabu mifuko. Familia inashuka kwenye daladala, watoto wamevalishwa nguo za sikukuu, wanapanda, wanashuka, wanapiga picha, wanakula chipsi na kuku, wanarudi nyumbani. Nyanya watanunua gengeni Mwenge kwa mafungu, nyama watakatiwa bucha ya mtaani, na mafuta ya kula watapimiwa kwa Mangi, ambaye zaidi ya kuwapimia atawaandika kwenye daftari mpaka mwisho wa mwezi. Hakuna supamaketi inayokuandika kwenye daftari. Wenzetu walitazama umati wakadhani wote ni wanunuzi. Umati ulikuwa umekuja kuosha macho. Sioni kosa la mtu hapo. Mji wetu una bustani chache za kukaa bila kufukuzwa, na watu wameligeuza jumba la biashara kuwa uwanja wao wa mapumziko.

Shoprite akachoka kwanza. Mwaka 2014 maduka yake nchini, lile la Mlimani City likiwa mojawapo, yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Herufi nyekundu zikashushwa, akapandishwa tembo. Nakumatt ilianzia Nakuru kama duka la magodoro, na jina lenyewe ni mji na magodoro yaliyounganishwa. Ilipofika kileleni ilikuwa na matawi zaidi ya sitini Afrika Mashariki. Mtanzania aliyewahi kufika Nairobi aliijua, na wengi tulisema afadhali sasa, kama ni mgeni basi awe jirani.

Hapa ndipo pana jambo ambalo lingefaa lizungumzwe kuliko taa na viyoyozi. Supamaketi kubwa kwa kawaida haimlipi anayeleta mzigo siku anapouleta. Anapewa karatasi, anaambiwa asubiri siku 30, 60, hata 90. Wakati huo mzigo umekwishauzwa kwa fedha taslimu. Ina maana duka linakaa na fedha za watu wengine kwa miezi, na mwenye duka akiwa na haraka ya kukua, fedha hizo hufungulia tawi jingine. Mambo yakienda vizuri hakuna anayelalamika. Mauzo yakitetereka kidogo, malipo huanza kuchelewa. Waleta mzigo wakiona hivyo hupunguza mzigo. Shelfu zikionekana na mapengo, wateja hupungua. Na malipo huchelewa zaidi. Atakayekumbuka Nakumatt ya mwisho mwisho atakumbuka shelfu ndefu iliyopangwa chupa za aina moja, zimesogezwa mbele ili nyuma pasionekane patupu.

Kabla yake Uchumi, kampuni iliyoundwa na mashirika ya Serikali ya Kenya mwaka 1975, ilikuwa imetuonyesha mfano. Hapa Dar es Salaam ilikuwa na duka Quality Centre, Barabara ya Nyerere. Oktoba 2015 ikatangaza kufunga Uganda na Tanzania kwa pamoja. Nakumatt ikafuata njia hiyo: mwaka 2017 matawi yakawa yanafungwa moja baada ya jingine, kufikia mwaka 2018 Mlimani City hapakuwa tena na tembo, na Januari 2020 wadai wake huko Nairobi wakapiga kura ivunjwe. Madeni yalikuwa ya mabilioni ya shilingi za Kenya. Benki kubwa ina wanasheria wa kuipigania. Lakini mama anayetengeneza achari au mtindi, aliyekopa akanunua chupa na lebo kwa sababu alipata oda ya supamaketi, yeye anabaki na zile karatasi. Katika foleni ya wadai, asiye na dhamana husimama nyuma kabisa, na akifikiwa mara nyingi kapu limekwisha. Kenya ilijifunza kwa maumivu. Mwaka 2019 ikarekebisha sheria yake ya ushindani ili kumbana mnunuzi mkubwa anayetumia nguvu zake vibaya, ikiwemo kuwacheleweshea malipo waliomletea bidhaa.

Wafanyakazi nao wana hesabu yao. Msichana wa kaunta aliyeanza kazi akiwa na sare ya kampuni moja, kisha akavaa ya pili, anaweza kufanya kazi ileile, kwenye mashine ileile, lakini miaka yake ya utumishi ikahesabiwa upya kila jina la mlangoni linapobadilika, kama hakuna aliyesimamia haki zake wakati wa mauziano.

Game alivumilia kuliko wote. Kampuni yake mama, Massmart, ilinunuliwa asilimia 51 na Walmart ya Marekani mwaka 2011, na watu wakasema sasa ameingia tajiri wa dunia nzima, nani atamtikisa? Mwaka 2021 Massmart ikatangaza kwamba inatafuta wa kuyauza maduka ya Game ya Afrika Mashariki na Magharibi. Mnunuzi hakupatikana, na mwaka 2022 duka la Mlimani City likafungwa, sawa na ya Kenya na Uganda. Kwa kipindi cha miaka kumi na sita lilikuwa limewauzia majokofu maharusi wengi wa mji huu.

Sababu za kuondoka ni nyingi na kila kampuni ina zake, lakini moja hutajwa kidogo: dola. Mikataba mingi ya pango katika jumba lile iliandikwa kwa dola za Marekani, wakati mteja analipa kwa shilingi. Mwaka 2006 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,250. Mwaka 2015 ilivuka 2,000. Mpangaji anayelipa pango lilelile kwa dola ameongezewa kodi bila mtu yeyote kumwandikia barua ya kuongeza kodi. Na kama mzigo wake pia unaagizwa nje, basi amebanwa mlango wa mbele na wa nyuma. Mwenye jumba naye ana hoja yake, alikopa na kujenga kwa fedha za kigeni na wenye hisa wake wako Botswana. Machi 2025 Serikali ikatoa kanuni zinazokataza bei na malipo ya ndani ya nchi kuwekwa kwa fedha za kigeni. Kwa wenye fremu ndogo ilikuwa habari njema iliyochelewa. Wengine walikwishahamia Sinza na Kariakoo.

Baada ya wageni hao, katika upande wa vyakula likaonekana jina la Shoppers, kampuni iliyokulia hapahapa Dar es Salaam. Haikuja na matarumbeta. Inajua mteja wa Mikocheni anataka nini, na haina makao makuu ya mbali yanayoamua mambo yetu kwa kuangalia jedwali. Kama itadumu ni jambo la kusubiri, lakini angalau sasa mwenye mtindi wake akiwa na dai, anajua ofisi ilipo na anaweza kwenda kwa daladala.

Hakuna mpangaji aliyetumika zaidi ya ukumbi wa mikutano wa pale, na wala si duka. Kahafali, harusi, maonyesho ya muziki, makongamano. Januari 2025 wajumbe wa Chadema walikesha ndani ya ukumbi huo, na kulipopambazuka Tundu Lissu alikuwa amemshinda Freeman Mbowe uenyekiti wa chama. Nchi nzima ilikuwa macho ikifuatilia habari kutoka kwenye jumba la maduka.

Limebaki la chuo, mwenye ardhi. Makubaliano yalikuwa kwamba Chuo Kikuu kipate sehemu ya mapato ya jumba. Katika miaka ya 2010 mkataba huo ulifika mbele ya kamati ya Bunge na wakaguzi wa hesabu za Serikali, wakahoji kama gawio la chuo linalingana na thamani ya ardhi. Wakahoji pia yale yaliyokuwemo katika mkataba na hayakuonekana kujengwa, yaani hoteli na bustani ya mimea.

Bustani! Victor Gruen alipoweka bustani katikati ya jumba lake kule kwenye baridi, alitaka watu wapate pa kukaa bila kulazimika kununua. Zile familia zinazoshuka kwenye daladala Jumamosi jioni na watoto waliovaa nguo za sikukuu ndizo zingeijaza bustani hiyo. Kwa sasa zinakaa kwenye kingo za ukuta kando ya maegesho, na mlinzi akipita zinasimama kidogo, kisha zinakaa tena.